Huyu ni Bibi au Mjakazi Wake?

Ukipita Mji Mkongwe wa Zanzibar saa kumi na moja jioni, hasa miezi ya harusi, hukosi kumkuta msichana kasimamishwa mbele ya mlango wa kuchonga, dhahabu ya kukodi imemjaa kichwani na kifuani, mpiga picha kapiga goti, na mtu wa tatu anapepea chetezo ili moshi wa udi uingie kwenye picha. Huo ndio mtindo wa "binti wa Sultani", na umeshavuka Unguja: wapambaji wa Dar es Salaam na Mombasa nao wanauuza. Asiye na nauli ya boti humaliza kazi kwenye simu. Septemba 2025 lilipoanzia India lile wimbi la kuziomba programu za akili mnemba zimvishe mtu sari ya zamani, haukupita muda kabla watu wa huku hawajaziomba ziwageuze kuwa wanawake wa Pwani wa kale. Mabishano yaliyofuata yamegawa watu makundi mawili: wanaosema urithi unahuishwa na wanaosema unachezewa. Naona makundi yote mawili yamejikwaa kwenye jiwe moja. Yote yanadhani kale ni kitu kimoja, kinachojulikana, kilichotulia ndani ya picha za zamani kikingoja kuigwa au kutunzwa. Picha zile zilipangwa kama hizi zinavyopangwa. Kwa hiyo picha ya urembo inayochota kwenye historia haipimwi kwa jinsi inavyofanana na picha ya zamani. Ipimwe kwa mambo mengine: inamwonyesha mwanamke gani, wa mwaka gani, na nani aliyeamua avae vile.

Mfano mzuri ni picha yenyewe inayoigwa kuliko zote. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa kwenye jumba la Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Picha yake maarufu, ile aliyovaa kama mwana wa mfalme wa Unguja, wengi wanaamini ilipigwa kwenye jumba la baba yake. Ilipigwa Hamburg. Salme alitoroka Zanzibar mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa na kufunga ndoa Aden mwaka 1867 na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, kisha akaenda kuishi kwao mume kwa jina la Emily Ruete. Huko mavazi yake ya kila siku yalikuwa gauni la Kizungu, na picha zake za gauni zipo. Zile nguo za nyumbani alizivaa mbele ya kamera kwa makusudi, ndani ya studio ya Kijerumani, ili watu wa kule waone alikotoka. Kwa maneno mengine, picha tunayoichukua kama ushahidi wa jinsi mabinti wa Sultani walivyokuwa ilikuwa yenyewe ni "picha ya mtindo wa kale" ya mwanamke aliyekwisha kuondoka huko. Kuna la zaidi ambalo wapambaji hawalisemi: mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkasi, mwanamke aliyenunuliwa. Tukitaka kumwiga binti huyu kwa dhati, basi ndani ya dhahabu ile tunabeba na habari ya mama.

Picha za mjini kwetu nazo hazikuwa dirisha la maisha. Studio za kwanza kujulikana Zanzibar zilikuwa za Wagoa, watu wa Goa huko India: A. C. Gomes, Pereira de Lord, ndugu wa Coutinho. Walipiga picha za masultani na familia tajiri, lakini waliuza pia posti kadi kwa wageni wa meli, na hizo posti kadi ndizo zinazojaa leo kwenye simu za wapambaji kama picha za mfano. Ziangalie maandishi yake. Sultani anatajwa jina. Mwanamke aliyekaa kwenye mkeka, nywele zimesukwa mistari, masikioni majasi makubwa, anaitwa tu mwanamke wa Kiswahili au mrembo wa Zanzibar. Aliyeamua avae nini, akae vipi na ageukie wapi mara nyingi hakuwa yeye, na aliyeinunua picha hakutaka kumjua. Ongeza na suala la ufundi. Mabamba ya kioo ya miaka ile yaliisikia zaidi rangi ya buluu na karibu hayakuiona nyekundu. Nguo nyekundu ilitoka nyeusi pichani, buluu ikatoka imepauka, na ngozi ya hudhurungi ikatoka nyeusi kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo anayezitazama picha zile akahitimisha kwamba bibi zetu walipenda rangi za huzuni, akachagua vitambaa vya kijivu na kahawia na kumwagia kila kitu filta ya rangi ya chai, anaiga kasoro ya kemikali. Mji ule uliwaka rangi. Kisutu, miongoni mwa kanga za zamani kabisa na vazi la bi harusi mpaka leo, ni nyekundu, nyeusi na nyeupe.

Kwenye kitambaa ndipo kosa linapokuwa kubwa, kwa sababu Pwani ya karne ya 19 kitambaa kilikuwa cheti cha mtu. Merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli za Wamarekani, hasa baada ya mkataba wao na Sultani Said wa mwaka 1833, ilivaliwa na watu wa chini. Ilipotiwa nili ikawa kaniki, na kaniki iliyofungwa chini ya kwapa, kichwa wazi, miguu mitupu, ilisema bila kuulizwa kwamba huyu ni mtumwa. Mwanamume mtumwa hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Amri ya mwaka 1897 ilipoondoa uhalali wa utumwa Unguja na Pemba, ingawa masuria waliachwa nje mpaka mwaka 1909, mojawapo ya mambo ya kwanza waliyofanya waliokuwa watumwa ni kubadili nguo. Kanga ilikuwa imekwisha kuzaliwa miaka michache nyuma kutoka kwenye leso zilizounganishwa kwa kushonwa, na Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zina chapa ya "Mali ya Abdulla", lilifunguliwa mwaka 1887. Wanawake wa Ng'ambo, ule upande wa mji wa Zanzibar nje ya Mji Mkongwe walikoishi watu wa chini, walizinunua jozi kwa jozi, wakajifunika vichwa walivyokuwa wamenyimwa haki ya kuvifunika. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika familia iliyotoka utumwani, alipokwisha kuwa mwimbaji mkubwa kiasi cha kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, mahasidi wake hawakupata tusi zito kuliko kumkumbusha kwamba alitoka shamba na kaniki zake. Kaniki ilimfuata mpaka kwenye umaarufu.

Nililiona hili kwa macho yangu mara moja, na sijalisahau. Katika kazi moja niliyoalikwa kutazama, mpambaji alimfunga msichana kaniki kwapani kwa kuwa "ina muonekano wa zamani", kisha akamvisha taji la dhahabu ya plastiki, kidani cha Kihindi na mafurungu miguuni. Bibi mmoja alikuwa amekaa barazani upande wa pili wa kichochoro. Tulimwamkia, akaitika marahaba, akatazama kwa muda, halafu akauliza kwa upole kabisa: "Hebu niambieni wanangu, huyu ni bibi au mjakazi wake?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Picha zilitoka nzuri sana.

Wanaotetea mtindo huu wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. Wanasema urembo wa Pwani haujawahi kuwa safi wala wa asili moja: udi unatoka Asia, hina na wanja vina njia zake za Bara Arabu na India, leso jina lake la Kireno, kanga zilipigwa chapa Uingereza, Uholanzi, India na Japani kabla ya kiwanda cha Urafiki kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Basi kuchanganya taji la Kihindi na mlango wa Unguja ni kuendeleza mazoea ya zamani. Naikubali hoja hiyo karibu yote. Wanasema pia kwamba bila wasichana hawa hakuna ambaye angeuliza jasi ni nini au kekee inavaliwa wapi, na ni kweli kwamba mafundi fedha na wapaka hina wanapata riziki kupitia mtindo huu. Ninaposhindwa kuwafuata ni pale wanapohitimisha kwamba kwa kuwa kila kitu kilichanganywa, basi mchanganyiko wowote ni sawa. Wale wa zamani walichanganya wakijua kila kipande kinasema nini. Mwanamke aliyevaa kanga juu ya buibui jipya mwaka 1920 alijua anatangaza kitu, na jirani yake alikisoma.

Upande wa pili kuna hoja mbili, na hazilingani uzito. Ya kwanza, inayopata wafuasi wengi mitandaoni, inasema picha hizi zinawavua bibi zetu stara yao, kwamba mwanamke wa Kiswahili wa kale alikuwa ndani ya buibui na kutomwonyesha hivyo ni uongo. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote, tena inashindwa kwa tarehe peke yake. Buibui ni dogo kwa umri kuliko kamera. Nahodha Mfaransa Charles Guillain alipita pwani hii na vyombo vya kupigia picha miaka ya 1846 hadi 1848. Buibui lilienea Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake wanawake wa tabaka la juu walijisitiri kwa njia nyingine: wa nyumba za Kiomani kwa barakoa, kile kifuniko cha uso, wa Lamu kwa shiraa, kile kitambaa kikubwa kilichobebwa na watumwa huku bibi akitembea ndani yake kama ndani ya hema. Tafakari kidogo jambo hilo. Stara ya mmoja ilihitaji mikono ya wengine ambao wenyewe hawakuruhusiwa stara. Buibui lilipokuja, mwanamke yeyote mwenye senti zake aliweza kujisitiri bila kubebewa. Kwa hiyo anayelitumia kama alama ya desturi isiyobadilika analipunguzia heshima yake, kwa sababu lilikuwa vazi la kisasa, na lilivaliwa na watu waliotaka kuonekana wa kisasa na waungwana kwa pamoja.

Hoja ya pili ndiyo inayoniuma. Inasema kwamba kwa kumfanya kila bi harusi kuwa binti wa Sultani tunapaka dhahabu nyumba zilizosimama juu ya utumwa, na kwamba hatua chache kutoka kwenye ile milango ya kuchonga ni Mkunazini, ulipokuwa mnada wa watu mpaka ulipofungwa mwaka 1873. Siwezi kuipinga kwa kusema ni mapambo tu. Mapambo ndiyo yaliyokuwa lugha ya ubwana. Hata hivyo naona inakosea dawa. Dawa inayopendekezwa ni kuacha kabisa, au kuvaa nguo za kisasa mbele ya kuta za kisasa. Tukifanya hivyo tunawaachia masultani urembo wote, kana kwamba mjakazi hakuwa na kioo. Historia haisemi hivyo. Waliotoka utumwani walipenda kupamba, walishindana kwa kupamba, walifilisika kwa kupamba. Kanga mpya ya sikukuu kwa mwanamke wa Ng'ambo mwaka 1910 ilikuwa na uzito ambao hakuna kidani cha ikulu kingeufikia, maana kidani kilirithiwa, kanga ilinunuliwa kwa mshahara wake wa kwanza maishani. Mtu akiniuliza wapi pa kuchota uzuri wa kale, ningemwelekeza hapo kabla ya kumwelekeza Mtoni.

Na hapo kazi ya kupanga picha inabadilika, kwa sababu swali la kwanza linakuwa mwaka, kabla ya rangi ya mdomo na kabla ya mahali. Anayetaka miaka ya 1860 asiguse kanga wala buibui. Atafute kanzu ya kike na suruali ya marinda, na ajue kwamba yuko ikulu na watu wa ikulu. Anayetaka 1910 ana kisutu, ana msuko wa mistari kutoka kipajini mpaka kisogoni, ana majasi na kipini. Majasi yana mtihani wake: ndewe za masikio za wakati ule zilitobolewa na kupanuliwa tangu utotoni, na msichana wa leo hana masikio hayo. Wapo wanaoyagandisha kwa gundi na kuomba Mungu yasianguke. Mimi ningeyatundika kwa waya unaoonekana, wa wazi kabisa, ili mtazamaji aone kwamba huyu ni mtu wa leo aliyeazima. Usasa wa picha unatakiwa ukae mahali kama hapo, kwenye kiungo, mahali ambapo kale hakikuingia sawasawa. Kitu kimoja cha zamani kilichofanywa kwa ukamilifu, kama msuko uliosukwa na mtu anayeujua, kinabeba picha nzima. Kuuzunguka, mekapu inaweza kuwa ya leo, ngozi iachwe ing'ae, nguo iwe ya mshonaji wa leo. Vitu kumi vya nusunusu ndivyo vinavyotoa mavazi ya mchezo wa shule.

Ratiba nayo huamuliwa na vitu vyenyewe, na wapangaji wengi huigundua siku ile ile, jasho linawatoka. Hina huiva rangi siku moja au mbili baada ya kubanduliwa, hivyo ikipakwa asubuhi ya picha itatoka rangi ya chungwa. Anayeharakisha hukimbilia piko, ule wino mweusi wa kuchorea badala ya hina, na piko ya dukani aghalabu ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, ambayo imeshawachoma wengi ngozi na kuwaachia makovu. Asumini huchumwa ikiwa bado imefumba alasiri, hufunguka usiku na kunyauka kesho yake. Kikuba, kile kishada cha asumini cha kujipambia, kikivaliwa asubuhi ni kikuba cha jana. Basi picha za asumini ni za magharibi, na magharibi yetu ni fupi, jua halibembelezwi. Moshi wa udi hauonekani ukimulikwa kwa mbele. Taa ikae nyuma yake. Ukiyafuata haya unajikuta unapanga siku kama walivyoipanga wenyewe, kuanzia alasiri kuelekea usiku, kwa kuwa urembo wa Pwani nusu yake ni harufu, na kamera haina pua. Dalia, liwa, marashi, udi unaofukizwa chini ya nguo: hakuna hata kimoja kinachotoka pichani mtu akishakuwa tayari amesimama mlangoni. Kinachoweza kutoka ni mikono inayofanya: somo, yaani kungwi, anayemsinga mwari, msusi aliyeshika kitana mdomoni, mtu anayetunga vikuba. Kwa hiyo picha ya kale iliyo kweli zaidi ni ile ya dakika kabla ya kumaliza kupamba, na ndani yake wamo watu watatu au wanne. Mrembo wa posti kadi alikaa peke yake kwa sababu mpiga picha alitaka hivyo. Nyumbani kwake hakuna mwanamke aliyejipamba peke yake.

Tena nani kasema kale lazima liishie kwenye ikulu na posti kadi? Miaka ya katikati ya karne iliyopita Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na studio ya Parekh ya Mombasa, zilipiga picha watu waliokuja wenyewe, kwa hela zao, wakachagua pozi zao, wengine wakijifananisha na nyota wa filamu za Kihindi. Lamu, Omar Said Bakor wa Bakor Studio alikuwa akikata na kubandika picha, anawaweka wateja wake ndani ya maua, miaka mingi kabla ya filta yoyote. Wanawake wale walikuwa na majina, walipewa nakala, wakazitundika ukutani. Nashangaa kwa nini hatuwaigi zaidi. Labda kwa sababu wanatufanana mno, hakuna wa kumwita binti mfalme.

Akili mnemba inalifanya jambo hili kuwa la haraka. Programu hizi zimelishwa picha zilizopo kwenye intaneti, na za Pwani zilizopo kwa wingi na maelezo ni zile zile za posti kadi: mwanamke peke yake, bila jina, amegeukia kwa mnunuzi. Ziombe mrembo wa Zanzibar wa mwaka 1900 nazo zitakurudishia jicho la mteja wa melini, limesafishwa, limeongezwa dhahabu. Mpambaji mwenye watu na vitambaa halisi hana kisingizio hicho. Anaweza kuandika chini ya picha mwaka aliouwaza, jina la msusi, jina la mpaka hina na jina la msichana, na akawalipa wote kabla jua halijazama badala ya kuwaahidi umaarufu. Anaweza pia, kabla ya kufunga kaniki kwapani mwa mtu, kuvuka kichochoro mpaka kwenye baraza ya pili, akaamkia, akakaa, akauliza ilifungwaje, na nani, na kwa nini yule bibi alipoitazama siku ile alinyamaza kwanza.